Wifi Aliyekisia Kila Mpira

Nilikulia Jang'ombe, ambako nyumba zimebanana hata siri ya asubuhi huwa imeshachoka ifikapo adhuhuri. Nilipoolewa Mji Mkongwe, katikati ya miaka ya tisini, nilihamia kwenye nyumba ya kuta nene na ngazi za giza, na watu wake walikuwa wakisema kwa sauti ndogo. Babu yangu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu. Wao walikuwa Waarabu wa hapa hapa, wazee wao walikuwa na mashamba, na sasa mume wangu alikuwa na duka la misumari, makufuli na rangi pale Darajani. Mambo hayo hakuna aliyeyataja mbele yangu. Lakini mtu ambaye asili yake haitajwi hujua kwamba haitajwi.

Ndani tulikuwa mimi, mume wangu, mama yake na dada yake. Wifi yangu alinizidi umri kidogo tu. Alikuwa mwembamba, mrembo, na hakuwa na maneno mengi. Niliambiwa ana sikio moja zito kidogo, kwa homa aliyougua utotoni, kwa hiyo nisimwite nikiwa nyuma yake. Sikuona ajabu. Hata kwetu alikuwapo mjomba wa namna hiyo.

Kilichonisumbua ni mazungumzo yao. Nikipanda ngazi, nyumba kimya. Nikiingia ukumbini namkuta mkwe wangu na binti yake wametazamana, midomo inakwenda na sauti haisikiki. Wakiniona, mkwe wangu anakohoa na kuniuliza kama maji yameshachemka. Siku ya kwanza nilidhani nimewakatiza. Baadaye nikaamini kuwa mimi ndiye mazungumzo yenyewe. Nilimuuliza mume wangu, akacheka, akasema mama yake hunong'ona hata anapohesabu vitunguu. Nikaona na yeye kacheka haraka mno.

Basi, mwaka ule ami yake mume wangu alikuja kututembelea kutoka Maskati na akaleta mashine ya michezo ya televisheni, yenye pedi mbili za vibonye na nyaya fupi. Kaseti ilikuwa moja tu, ya besiboli, mchezo wa Wamarekani ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Mume wangu alitaka mpira wa miguu. Aliucheza siku chache, akatufundisha, akauacha. Mkwe wangu aliuita mchezo wa gongo na akasema mtu mzima hawezi kukimbilia mto. Vile vituo vya kukimbilia pale uwanjani kweli vilifanana na mito midogo ya kulalia.

Tulibaki kuucheza wawili, mimi na wifi. Ilikuwa baada ya alasiri, vyombo vimeshaoshwa, chakula cha usiku bado. Televisheni ilikaa juu ya kabati la vioo, na kwa kuwa nyaya zilikuwa fupi tulikaa karibu karibu kwenye mkeka, magoti yakikaribia kugusana. Mkwe wangu alikaa kitandani nyuma yetu na ungo wake wa mchele.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mmoja anatupa mpira, mwenzake anapiga kwa gongo. Mtupaji ana aina nne za kutupa, na anachagua kwa kubonyeza kwa siri. Sisi tulizipa majina yetu. Ule wa kasi, ulionyooka, tuliuita risasi. Unaopinda ni mundu. Unaokuja vizuri halafu ukaanguka mbele ya mpigaji ni dafu. Na ule wa polepole, unaomfanya mpigaji apige kabla haujafika, ni kobe. Mpigaji naye kapewa msaada wa kukisia. Kabla mpira haujatupwa anaruhusiwa kubonyeza aina anayodhani inakuja. Akipatia, anaoneshwa duara jekundu mahali hasa mpira utakapopita, na hapo kuupiga ni kama kupiga mlango. Akikosea, gongo lake linakuwa zito. Mpira ukishapita, maandishi chini ya kioo yanaonesha alikisia nini, wote wawili mkaona.

Mimi nikikisia nilipatia mara moja moja, kama mtu yeyote. Wifi alipatia karibu kila mara. Nikitupa risasi, alikuwa ameshakisia risasi. Nikitupa mundu, mundu. Mpira unaruka mpaka kwa watazamaji, vikatuni vyake vinakimbia kuzunguka uwanja, naye ananitazama usoni kwa ile namna yake, macho yametulia, kama anataka kuona nimeumia kiasi gani.

Mwanzo niliishuku mashine. Nilidhani pedi yake imewekwa upendeleo, labda na mume wangu kabla hajauacha mchezo. Nikamwomba tubadilishane pedi. Akakubali bila neno, akaendelea kupatia. Nikakishuku kidole changu gumba. Nikakifunika kwa pindo la kanga ili asione nabonyeza wapi. Akapatia. Nikalishuku kabati, kwamba vioo vyake vinamwonesha mkono wangu, nikatundika shuka juu ya vioo na kusema jua linaniumiza macho. Mkwe wangu aliitazama shuka, akanitazama mimi, akarudi kwenye mchele wake.

Hapo ndipo nilipomshuku yeye. Alikaa nyuma yetu, anaona mikono yetu yote. Ungo ukigongwa huenda ni risasi, kikohozi huenda ni kobe. Nilianza kusikiliza ungo kuliko kuutazama mchezo. Siku moja akaenda hitmani Malindi, nyumba ikabaki ya sisi wawili, nikasema leo ndiyo leo. Wifi alinipiga vibaya kuliko siku zote.

Nikifikiria sasa naona kwamba mchezo ulikuwa mahali pa kuweka shaka iliyokuwapo tayari. Nilikuwa nimeshaamini kuwa nyumba ile inajua mambo yangu, na hapo mbele ya televisheni ndipo nilipopata ushahidi. Dada yangu alipokuja kunitazama kutoka Jang'ombe, tulikaa dirishani na kunong'ona. Wifi alikuwa kule pembeni kabisa akipiga pasi. Nilimwambia dada nyumba hii ina kitu, wananificha. Dada akaniambia nifungue macho, nyumba za watu kimya ndizo za kuogopwa.

Yalipita hivyo mpaka nilipoumwa na jino. Shavu lilivimba, nikasaga karafuu nikaweka, kisha nikajifunga mtandio kuanzia kidevuni mpaka puani kwa sababu hata upepo ulikuwa ukiniuma. Wifi akaniuliza kama nitaweza kucheza. Nikatikisa kichwa kukubali, maana kulala kulizidisha maumivu.

Siku ile hakupatia hata mpira mmoja. Nilitupa risasi, akakisia kobe. Nilitupa dafu, akakisia mundu. Gongo lake lilipita hewani kama la mtu anayefukuza nzi. Nilimwona akinitazama, akitazama mtandio, akitazama tena. Akasema:

"Wifi, hebu ufungue huo mtandio, utakosa pumzi."

Alilisema kwa upole. Lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kupima kila neno la nyumba ile, na hilo likanisimamisha mkono. Pumzi yangu inamhusu nini? Nikakumbuka mama yangu, tangu nikisoma Kurani chuoni, alivyokuwa akinigombeza kwamba sijui kusoma kwa moyo, midomo yangu inakwenda hata nikinyamaza. Nikaufungua mtandio taratibu.

Nikakaza uso kwenye televisheni. Midomoni nikaunda neno kobe, bila sauti, na kidole changu kikabonyeza risasi. Akakisia kobe. Nikaunda dafu, nikabonyeza mundu. Akakisia dafu. Safari hii aliona alichokisia na kilichokuja, akajua. Akaiweka pedi juu ya mkeka.

Nikamgeukia. Kwa midomo tu, bila ya hata pumzi, nikasema, "Unanisikia?"

"Naam," akajibu.

Mkwe wangu alikuwa jikoni wakati huo. Wifi akasimama akarudishia mlango, akaja kukaa mbele yangu, si ubavuni. Akaniambia si sikio moja, ni yote mawili. Anachosikia ni radi, na mlango ukibamizwa, na hata hivyo anausikia mlango kifuani kuliko masikioni. Maneno anayachukua kwenye midomo tangu mdogo, hakufundishwa na mtu. Ndani ya nyumba hawakuwa na haja ya kupaza sauti, ndiyo maana nikiwakuta wamenyamaza. Watu wa nje hawajui, kwa sababu walikwisha kuja watu kuposa, wakasikia, wakarudi, na mama yake akaapa kuwa hilo halitatoka tena. Hata mimi nilifichwa kwa kuwa kwetu ni Jang'ombe na nina dada wengi.

Kuhusu mchezo, alisema hakudhani kuwa ni wizi. Alidhani najua. Alidhani nayasema majina kwa makusudi, ni sehemu ya mchezo, ili na yeye apate kushinda mahali.

Kisha akasema lile ambalo sikulitaka. "Ulimwambia dada yako nyumba hii ina kitu tunakificha. Hukukosea, wifi. Ndo mie."

Sikujua niuweke wapi uso wangu, maana uso ndio uliokuwa umenisaliti. Shaka yangu ya miezi ilikuwa imekwisha, nikatarajia kupumua. Badala yake nilianza kuhesabu upya kila nilichowahi kukisema nikidhani niko peke yangu. Nilikuwa nasema na nafsi yangu nikifua, nikipika. Nilikuwa naomba dua za kupata mtoto, na dua hizo sikuwahi kumwambia hata mume wangu.

"Na nikiwa kwenye mswala?" nikamuuliza.

"Ukikaa kwenye mswala nageuka."

Alinitazama alipolisema. Sikujua kama nimwamini. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilisali nikiwa nimefunga mlango wa chumba, na nilijua kwamba anajua kwa nini umefungwa.

Mchezo ukaharibika. Nilijitahidi kubana midomo, akawa anapatia kama mimi ninavyopatia, mara moja moja, na hamu ikamwisha. Siku moja aliniomba nitupe kama zamani, nikajaribu, lakini mtu hawezi kusahau midomo yake akishaikumbuka. Niliunda maneno kama mwalimu wa watoto. Akacheka, akazima televisheni.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mama yake kuwa nshajua. Kesho yake asubuhi mkwe wangu aliniita jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama watu wa kwetu nao washajua. Nikamwambia kwa kinywa changu hawatajua. Akasema vyema. Lakini kuanzia siku hiyo, nikitaka kwenda kwa mama yangu aliniuliza nafuata nini, na nikirudi aliniuliza walikuwapo nani.

Kabla ya Ramadhani ikaja posa kutoka Chwaka. Kijana alikuwa na mashua na jamaa zake walikuwa wakilima mwani, watu wazuri, mume wangu aliwafahamu kwa kuja dukani kwake kununua kamba na misumari. Siku wanawake wa upande wa kijana walipokuja kumwona binti, mkwe wangu alinipeleka Jang'ombe tangu asubuhi, akasema nikamtazame mama. Mama hakuwa na lolote.

Yaliyotokea nilisimuliwa na wifi. Walikaa ukumbini, mama yake ubavuni mwake, akiwahi kujibu kila swali. Shangazi wa kijana alikuwa anatafuna tambuu na kila akisema anaziba mdomo kwa kiganja. Mama akainuka kwenda kuleta kahawa. Shangazi akauliza, na wifi hakuona ila kiganja. Alikisia kuwa anaulizwa hali ya kaka yake. Kumbe aliulizwa marehemu baba yake alifariki kwa maradhi gani, naye akajibu, "Alhamdulillah, hajambo."

Aliponihadithia hayo hakulia. Alisema, "Mara hii nlikosea."

Jibu lilikuja kwa adabu, kwamba wameomba istihara na haikutoka vyema. Mkwe wangu hakuamini kuwa sababu ni lile jibu la wifi. Mume wa dada yangu alikuwa na desturi ya kwenda Chwaka kununua samaki, na hilo lilimtosha kuamini kuwa siri imetoka kwangu. Hakunishutumu. Aliacha tu kunywa chai niliyoipika. Nikiiweka mbele yake, anaisogeza kidogo, inapoa hapo, anainuka na kupika yake. Wifi alimweleza mambo yalivyokwenda, neno kwa neno, akaambiwa ananitetea kwa kuwa tumezoeana kwenye mchezo wa gongo.

Lililoniuma zaidi lilitoka kwa mume wangu. Tulikuwa tunakunja nguo, akaniuliza bila kunitazama, "Kweli hukumwambia mtu?"

Nikamwambia anigeukie kwanza. Aliponigeukia nikamwambia sikusema. Akasema ananiamini. Nami niliyatazama macho yake kama wifi alivyokuwa akiyatazama yangu, nikiyatafutia kitu kingine nyuma ya neno. Nilikiona. Kilikaa hapo kwa miezi, kisha kikaondoka, sijui siku gani.

Mwaka uliofuata wifi alipeleka vitambaa kwa fundi cherehani mmoja karibu na Darajani, mtu aliyefiwa na mke. Alirudi huko mara nyingi kuliko vitambaa vilivyokuwapo. Siku moja aliniambia kuwa amemwambia. Alimweleza yule fundi yeye mwenyewe, pale pale mbele ya cherehani, kwamba hasikii, na fundi akaondoa pini zilizokuwa mdomoni mwake ili amjibu vizuri. Fundi alimwambia atatuma watu waje kuposa.

Mkwe wangu aliposikia alipepeta mchele ule ule mara mbili. Aliogopa kuwa fundi amekubali kwa huruma na mama yake atakuja kukataa kwa akili, kisha aibu itakuwa ya pili. Nilidhani atanipeleka tena kwa mama yangu. Badala yake, asubuhi moja alisimama mlangoni kwangu ameshavaa.

"Vaa buibui lako," akaniambia. "Twende kwao kabla hawajaja wao."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Hakuniambia tunakwenda kusema nini. Tulipofika kizingitini kwa mama yake fundi, kabla ya kupiga hodi, alinishika kiwiko.

"Sema weye," akasema. "Mie nikisema nitapunguza."

Tulikaribishwa, tukakaa, tukaulizana hali mpaka hali zikaisha. Nikamweleza yule mama. Nikasema masikio yote mawili, tangu utotoni, hasikii ila radi. Nikasema anasoma midomo, na kwamba mtu akimficha uso amemfungia mlango. Nilisema yote na mkwe wangu alikaa ubavuni mwangu akiutazama mkeka, na kila nilipofika mahali pagumu nilingoja anikatize. Hakunikatiza.

Yule mama alifikiri. Akauliza kama anajua kupika. Nikamwambia kunishinda mimi. Akasema, "Mwanangu kutwa anaendesha cherehani, ukimwita hasikii. Hao watafahamiana."

Akaleta kahawa. Mkwe wangu alikunywa, akaongezwa, akanywa tena.

Harusi ilikuwa baada ya Idi, ndogo, na wifi alihamia vyumba viwili nyuma ya duka la fundi. Lakini mimi nikikumbuka jambo hilo nakumbuka zaidi tulivyorudi siku ile ya kahawa. Tulifika barabara ya Darajani wakati wa msongamano, magari na mikokoteni kila upande. Mkwe wangu akanishika mkono, tukavuka. Upande wa pili akauachia, akatengeneza buibui lake, akaniuliza nyumbani kumebaki majani ya chai au tununue.

Nikamwambia yamebaki.

"Basi ukifika weka maji," akasema.